Nchi isiyo na mhunzi



Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, mna aya chache ambazo wengi wetu huzipita mbio, kwa kuwa macho yanakimbilia vita vya Sauli na mwanawe Yonatani. Aya hizo zinaeleza kwamba siku zile hapakuwa na mhunzi hata mmoja katika nchi nzima ya Israeli. Wafilisti ndio waliopanga iwe hivyo, wasije Waebrania wakajifulia mapanga na mikuki. Ikawa kila mkulima wa Israeli aliyetaka kunoa jembe lake, au shoka, au mundu, hakuwa na budi kushuka kwa adui yake, kusimama mlangoni pake na kulipa fedha. Mwandishi mtakatifu anajali hata kututajia bei. Na vita vilipowadia, katika jeshi lote ni mfalme na mwanawe tu waliokuwa na silaha.

Huwa naikumbuka sura hiyo kila ninapopita sokoni mwezi wa Agosti, wakati akina mama wanapojitayarisha kwa mvua za Septemba. Majembe yamepangwa juu ya turubai, yanang'aa, na mengi yamefuliwa ng'ambo. Yamevuka bahari, yamepanda malori, yamelipiwa ushuru mipakani, hata yakafika katika nchi ambayo udongo wake una shaba, kobalti, bati na koltani. Vijana wetu wanachimba kule Rubaya na Kolwezi kwa mikono, wengine wangali watoto. Madini yanaondoka yakiwa mawe na mchanga, nasi tunarudi sokoni kununua kipande cha chuma chenye tundu ili tulime maharagi.

Mababu hawakuwa hivyo. Katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, huko Katanga, wataalamu wamefukua vyombo vya chuma vilivyofuliwa miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Masimulizi ya Waluba yanamsifu mfalme Kalala Ilunga kuwa ndiye aliyeleta ufundi wa chuma, kana kwamba ufalme na uhunzi ni neno moja. Mahali pengi jembe lilikuwa mahari. Hata leo wahunzi wachache wangalipo vijijini, wanafua visu na majembe kwa springi za malori mabovu. Lakini nitajieni shule moja inayomtuma mtoto kuketi saa mbili kando ya mvukuto wa mzee huyo akiwa na daftari na kalamu.

Sasa niseme nilichokuja kusema, na wanaohusika wasinichukie. Ninazilaumu shule zetu. Nasema zetu, za Eklezya, zile tulizonyang'anywa na Serikali mwishoni mwa 1974 na kurudishiwa uendeshaji wake kwa Mkataba wa 1977. Tangu siku ile hatuwezi kujifanya kwamba yanayotendeka darasani yanamhusu waziri peke yake. Na ninatulaumu sisi walei, wazazi na walimu, tunaokaa katika kamati za shule hizo na kuzungumzia mabati, madawati na ada, kisha tukaenda nyumbani tumeridhika.

Kosa letu ni hili: katika shule nyingi za Kikatoliki kazi ya mikono ni adhabu. Mtoto akichelewa, anapewa jembe. Akizungumza Kiswahili saa ya Kifaransa, anapewa jembe. Wazazi wakishindwa kulipa kitu fulani, mtoto anachota maji. Ijumaa alasiri darasa zima linapelekwa kulima, na mara nyingi shamba lenyewe ni la direkta au la mwalimu, au, Mungu atusamehe, la misioni. Katika ratiba iliyobandikwa ukutani kipindi hicho kimeandikwa kwa heshima: kazi za mikono. Mkaguzi akija anakuta saa zimetimia. Mtoto naye ametambua somo ambalo halikuandikwa ubaoni, kwamba kichwa ni cha wanaofaulu na mikono ni ya walioshindwa.

Somo hilo analishika barabara kuliko hesabu. Analibeba mpaka diploma, na diploma ikishapatikana hawezi tena kurudi shambani kwa mama yake bila aibu. Basi anangoja kazi ya ofisini isiyokuwako. Akichoka kungoja, anafuata wenzake shimoni. Nimewahesabu katika mtaa wetu vijana waliomaliza sekondari wakaishia kwenye machimbo. Niliacha kuhesabu kwa huzuni, si kwa kuwa walikwisha.

Ninalopendekeza si kuongeza saa za kulima. Watoto wetu hulima vya kutosha nyumbani, tena kabla ya kengele ya asubuhi. Ninapendekeza kwamba kipindi kile kile kilichopo, kile cha Ijumaa, kigeuzwe kuwa somo la usanifu: mtoto aitazame shida ya shambani, amwulize anayeiumia, apime, achore, aunde chombo kidogo cha kuipunguza, akijaribu, kimshinde, atafute kwa nini, akitengeneze upya. Hiyo ndiyo kazi ya mhandisi. Haianzii chuo kikuu. Inaanzia kwenye swali na kamba.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu, maana bila mfano maneno kama usanifu huelea hewani.

Sisi wa Kivu tunalima milimani. Kabare, Walungu, Lubero, kote ni miteremko, na kila mvua kubwa inateremsha udongo mwekundu mtoni. Dawa inajulikana: mitaro na mistari ya majani au vichaka inayokata mlima kwa usawa, ili maji yasimame na kuzama badala ya kukimbia. Shida ni kuujua usawa. Jicho hudanganya mlimani. Mstari unaouona umelala sawa huwa umeinama.

Chombo cha kuupima kinaundwa kwa fito tatu, kamba na jiwe. Fito mbili ndefu za takriban mita 2 zinafungwa pamoja juu na kutanuliwa miguu. Ufito wa tatu, mfupi, unafungwa katikati kwa ulalo, umbo likawa kama herufi A kubwa. Kutoka kileleni inaning'inizwa kamba yenye jiwe, ikipita mbele ya ufito wa ulalo. Hapo ndipo akili inapoanza. Watoto wanachagua mawe mawili yaliyokaa imara, wanasimamisha mguu mmoja juu ya kila jiwe, na kutia alama pale kamba inapogusa ufito wa ulalo. Kisha wanakigeuza chombo, mguu wa kulia ukae kwenye jiwe la kushoto na wa kushoto kwenye la kulia, wanatia alama ya pili. Katikati kabisa ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tangu hapo, popote mlimani, kamba ikitua kwenye alama ya katikati, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Wanapigilia kijiti, wanazungusha mguu, wanatafuta tena, kijiti kwa kijiti, mpaka mlima wote umezungushwa mstari.

Zingatieni jambo moja. Hata kama miguu ya chombo hailingani, hata kama fundi wake ni mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye panga butu, chombo kitasema kweli, mradi kosa lake limepimwa na kuwekewa alama. Mtoto anayegundua hilo kwa mikono yake amejifunza pembetatu, nguvu ya uzito, wastani wa vipimo viwili, na zaidi ya hayo amejifunza kwamba kosa lililopimwa si aibu. Ni somo gani la ubaoni linalotoa hayo yote kwa bei ya fito tatu?

Wazee watanikumbusha kwamba mitaro hiyo si habari mpya. Ni kweli. Wakati wa Wabelgiji watu wa milima hii walilazimishwa kuichimba, kwa amri, chini ya usimamizi wa wenye kofia, na asiyechimba aliadhibiwa. Uhuru ulipofika mwaka 1960, mingi iliachwa, mingine ikafukiwa kwa furaha. Wataalamu wengine hadi leo wanalitaja jambo hilo kama ushahidi wa ukaidi wa mkulima wa Kivu. Mimi ninaliona kama ushahidi dhidi ya mwalimu. Mtu alipewa koleo bila sababu. Hakuna aliyemkabidhi pima maji akampa nafasi ya kuona mwenyewe jinsi jicho linavyodanganya. Alichimba mtaro wa mwingine juu ya shamba lake mwenyewe. Tukiwachimbisha watoto mashamba ya shule bila kuwapa swali, sisi tunairudia kazi ile ile, bali kwa jina la Yezu.

Najua vilevile kwamba jambo hili lina hatari zake, na sitaki kuwaficha. Katika parokia yetu mwalimu mmoja wa darasa la sita alilijaribu. Watoto waliunda vyombo vinne, wakapima shamba la mjane wa shirika letu, wakachora mistari mitatu, na wazazi wakachimba mitaro. Mvua ya pili iliukata mtaro wa katikati kwenye ncha yake ya chini. Maji yote yaliyopaswa kusimama yalikusanyika hapo, yakabomoa, yakachukua matuta manane ya maharagi yaliyokwisha kuota. Kwa familia kubwa matuta manane ni kitu kidogo. Kwa mama yule yalikuwa mbegu za msimu uliofuata.

Direkta alifurahi kwa namna ambayo haifai kuandikwa hapa. Mwalimu alitaka kurudi kwenye chaki. Lakini watoto waliviomba vyombo vyao, wakavirudisha kwenye mawe yale yale mawili ya siku ya kwanza. Vitatu vilikuwa vizima. Cha nne, ambacho ndicho kilichopima mstari wa katikati, kamba yake haikutua tena kwenye alama. Waliuchunguza ufito wa ulalo: ulikuwa umefungwa kwa maganda mabichi ya mgomba, na maganda yalipokauka yakalegea, ufito ukasogea karibu unene wa kidole. Unene wa kidole mkononi, matuta manane shambani. Msichana aliyefunga fundo lile alilia. Kisha yeye ndiye aliyependekeza fito zitobolewe kidogo, zikatwe kijishimo ambamo ulalo unakaa, ili hata kamba ikilegea ufito usihame. Na chombo kirudishwe kwenye mawe kila asubuhi kabla ya kwenda shambani.

Walikwenda wote kwa yule mjane kuomba radhi, mwalimu mbele. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwalimu, mvua inalila shamba hili tangu nilipoolewa, na hakuna mtu aliyewahi kuja kuniomba radhi. Hawa wajukuu wangu wamekuja. Muwaache wamalize." Shirika lilichanga maharagi ya mbegu. Mtaro ulichimbwa upya.

Nimeisimulia habari hii yote kwa sababu ndiyo jibu langu kwa wale wanaosema watoto wachore tu kwenye karatasi, wasiguse shamba la mtu. Karatasi haina mvua. Mtoto aliyekosea kwenye karatasi anapata alama nyekundu. Yule msichana alipata kitu kingine, na sidhani kuna darasa la katekesimu lililomfundisha toba na malipizi kwa uwazi kama ule.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu kuliko mengine yote, na linatoka kwa wazazi waliosoma. Wanasema: mnataka kuturudisha kwenye elimu ya mkoloni, ile iliyomwona Mkongomani kama mikono miwili tu, seremala msaidizi, mwashi msaidizi, daima msaidizi. Wana haki ya kuogopa. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza, kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na tulipopata uhuru miaka sita baadaye, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 50 katika nchi nzima. Mzazi anayekumbuka hayo hawezi kusikia neno jembe shuleni bila kuhisi mlango unafungwa.

Lakini tuangalie vizuri ni kitu gani tulichonyimwa. Kazi ya mikono hatukunyimwa. Tulipewa mpaka migongo ikapinda. Tulichonyimwa ni mchoro. Mwashi wa Kikongomani alijenga makanisa yetu ya matofali kwa ustadi unaoonekana mpaka leo, lakini karatasi yenye vipimo ilibaki mkononi mwa mwingine. Aliambiwa wapi pa kuweka tofali. Hakuulizwa kwa nini ukuta ni mnene hapa na mwembamba pale. Sasa mzazi aliyesoma, kwa kumwogopa mkoloni, anamwepusha mwanawe na tofali na bado hajampatia mchoro. Mtoto wa shule zetu anakariri tafsiri ya lever kwa Kifaransa, fasaha kabisa, naye hajawahi kuulizwa kwa nini toroli hubeba mzigo kwa wepesi zaidi ukisogezwa karibu na gurudumu. Hiyo si elimu ya mabwana. Ni usaidizi ule ule, umehamishiwa mdomoni.

Mnaotilia shaka kwamba usanifu unaweza kuzaliwa kwetu bila mzungu wala mradi, nendeni Goma mkaitazame chukudu. Baiskeli ile ya mbao, isiyo na pedali, inateremsha viazi, makaa na mbao kutoka milimani, mzigo wa mamia ya kilo, juu ya barabara ya mawe ya volkano. Mpira wa gari kuukuu umepigiliwa kuzunguka gurudumu ili mbao isipasuke. Mahali pa kuwekea goti pamewekwa kitu laini, kwa sababu mtu fulani, siku fulani, goti lilimwuma akafikiri. Mji umeijengea sanamu katikati ya njia kuu. Shule zetu zinapita mbele ya sanamu hiyo kila siku, na sijasikia darasa lililotumwa kupima chukudu, kuichora, kuuliza kwa nini mhimili uko hapo na siyo shibri moja nyuma. Waliyoibuni ni watu ambao wengi wao shule iliwaacha. Hapo sijui kama niwapongeze wao au nituonee haya sisi.

Pingamizi la pili ni dogo zaidi: hakuna fedha, madarasa yamefurika tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bure mwaka 2019, mwalimu ana watoto themanini, na mtihani wa taifa hauulizi habari za fito. Yote ni kweli. Nami najibu kwamba watoto themanini ni vikundi kumi na sita vya watano, na kila kikundi kinahitaji fito tatu, ambazo hazinunuliwi. Kuhusu mtihani: mtoto aliyetafuta katikati ya alama mbili kwa mkono wake hatasahau namna ya kutafuta wastani akiwa mbele ya karatasi. Nimemaliza na hilo.

La tatu ni zito, nami sitaki lipite kimya katika nchi kama yetu. Mashirika ya kutetea watoto yatauliza kama hatufungui mlango wa utumikishwaji. Kipimo ninachopendekeza ni maswali mawili tu. Nani anafikiri? Na mavuno yanakwenda wapi? Pale ambapo mtu mzima anafikiri na mtoto anabeba, na mavuno yanakwenda kwa mtu mzima, hapo pana utumikishwaji, hata kama panaitwa somo na hata kama ni kwenye uwanja wa kanisa. Mtoto awe ndiye anayeamua urefu wa mpini. Chombo kilichoundwa kiende nyumbani kwake au kwa jirani mwenye shida. Moto na makali vibaki kwa mhunzi na kwa mwalimu. Na shamba la direkta lilimwe na direkta.

Nimetaja mpini. Naomba nafasi ya aya moja zaidi juu yake, kwa sababu ndiyo inayonisisimua kuliko zote. Miradi mingi imekuja milimani kwetu na ushauri wa mpini mrefu, kwamba mama asiiname, mgongo usiume. Ushauri mwema. Wanawake wakapokea, wakashukuru, wakaikata ile mipini. Wageni wakasema ni desturi. Siku moja watoto wa lile darasa la sita walipewa swali hilo, kila mmoja amwulize mama yake au bibi yake kwa nini. Majibu yaliyorudi ni ya kihandisi matupu. Kwenye mteremko mkali, ukilima ukielekea juu, ardhi iko karibu na kifua chako, na mpini mrefu unagonga tumbo. Mtoto akiwa mgongoni, mkono hauwezi kuinuka juu sana. Palizi ya maharagi yaliyobanana yataka macho yawe karibu na shina. Bibi mmoja aliongeza kwamba mpini mfupi haumwibii nguvu kwa kuyumba. Lakini, na hapa ndipo pazuri, mama wawili wenye mashamba ya bondeni walisema wao wangeupenda mrefu, ila hakuna auzaye. Watoto wakaelewa kwamba hakuna mpini bora. Kuna mpini wa mlima na mpini wa bonde, wa palizi na wa kutifua, na anayeijua tofauti ni yule ambaye hakuna aliyemwuliza. Nabii Isaya, mwishoni mwa sura ya 28, anasema jambo la namna hiyo: kwamba mbegu ndogo hazipurwi kwa chombo cha nafaka, na kwamba busara hiyo ya mkulima ya kukipa kila kitu chombo chake inatoka kwa Mungu mwenyewe. Sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Na katika darasa lile wasichana ndio walioongoza, maana wanaoinama na jembe kwetu ni wanawake, na maswali ya kweli walikuwa nayo kabla ya mwalimu kufungua mdomo.

Tunajiita watoto wa Eklezya inayomheshimu mfanyakazi. Papa Pio wa 12 aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi mwaka 1955. Tarehe 1 Mei tunabeba sanamu yake ikiwa na msumeno, kisha tarehe 2 tunampa mtoto mchelewaji jembe ili aone aibu. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi hupata hadhi yake kwa aifanyaye, kwa kuwa ni mtu anayefikiri na kuamua. Papa Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, alikumbusha kwamba kumsaidia maskini kwa fedha ni jambo la muda, na lengo ni awe na maisha ya heshima kwa kazi yake. Nasi hapa Mashariki, ambapo vita vimewafanya maelfu waishi kwa majembe na mbegu za kugawiwa, tunaujua uchungu wa maneno hayo kuliko Roma. Mwenyeheri Isidori Bakanja, mlei mwenzetu, alikuwa msaidizi wa waashi kule Mbandaka alipobatizwa mwaka 1906. Miaka mitatu baadaye alikufa kwa viboko alivyopigwa kwa ajili ya skapulari yake. Tunamsifu kwa imani, na ni haki. Lakini jiulizeni: kama Bakanja angekuwa mwanafunzi wetu leo, tungemketisha wapi darasani?

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anawataja mkulima, mhunzi na mfinyanzi, anakiri kwamba bila wao mji haukaliki, halafu anasema kwamba hata hivyo hawaitwi kwenye baraza la watu. Yeye alieleza aliyoyaona. Sisi tumeyageuza kuwa sheria ya shule.

Kikao cha kamati ya wazazi wa shule yetu ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya Misa ya kwanza. Nimeomba niwekwe kwenye ajenda, nikajibiwa kwamba ajenda imejaa: kuna suala la uzio. Nitakwenda hivyo hivyo. Nitachukua fito tatu, kamba, na jiwe la mtoni, na yule msichana wa fundo amekubali kuja nami. Uwanja wa shule umeinama. Uzio wenyewe, niliupima juzi kwa jicho, ungejengwa upande upande. Ataweka miguu ya chombo mbele ya wazee wa kamati, na swali la kwanza atauliza yeye.